Matilda wa Flanders: Malkia ambaye William Mshindi hakuweza kumshinda

KATIKA kanisa la abasia ya Utatu Mtakatifu mjini Caen, kaskazini mwa Ufaransa, kuna bamba la jiwe jeusi lililochongwa maandishi ya Kilatini.

Chini ya bamba hilo amezikwa mwanamke aliyefariki mnamo Novemba 2, 1083. Huyo ni Matilda, binti wa Flanders, mke wa mtawala wa Normandy na malkia wa Uingereza.

Upande wa pili wa mji huo huo kuna kanisa jingine kubwa, la Mtakatifu Stefano. Humo ndimo alimozikwa mumewe William, anayekumbukwa na ulimwengu kwa jina la Mshindi, miaka minne baada ya mkewe kuaga dunia.

Huenda mtu akajiuliza ni kwa nini mke na mume walioishi pamoja kwa zaidi ya miaka 30 wakalazwa katika makaburi yaliyotenganishwa na mji mzima.

Jibu limo katika kisa cha ndoa yao. Ni ndoa ambayo, kwa mujibu wa masimulizi, ilianza kwa binti kumkataa mchumba, ikapigwa marufuku na Papa, ikavuka bahari pamoja na majeshi ya vita, kisha ikanusurika kuvunjika kwa sababu ya mwana mmoja.

William alizaliwa takriban mwaka wa 1027 au 1028 mjini Falaise. Babake, Robert, alikuwa mtawala wa Normandy. Mamake, Herleva, hakuwa mke wa ndoa bali binti wa mtu wa kawaida, ambaye masimulizi mengi yanasema alikuwa mtengenezaji wa ngozi.

Mnamo 1035 Robert alifariki akiwa safarini kurejea kutoka hija ya Jerusalem. Alimwachia utawala mtoto ambaye hata miaka kumi hakuwa ametimiza, na ambaye kila kabaila wa Normandy alijua kuwa amezaliwa nje ya ndoa.

Utoto wa William ulijaa hofu. Walezi wake waliuawa mmoja baada ya mwingine, na Osbern, msimamizi wa nyumba yake, alichinjwa ndani ya chumba alimolala mtoto huyo.

Aliyenusurika katika malezi ya aina hiyo hakuwa na budi kuwa mgumu kama jiwe. Mnamo 1047, akisaidiwa na Mfalme Henry wa Kwanza wa Ufaransa, kijana huyo aliwashinda makabaila waasi katika vita vya Val-ès-Dunes na kuanza kutawala kwa mkono wake mwenyewe.

Hata hivyo, kuna jeraha moja ambalo ushindi haukulitibu. Nalo ni kutukanwa kwa sababu ya kuzaliwa kwake.

Yaelezwa kwamba alipouzingira mji wa Alençon, watu waliokuwa katika ngome moja walianza kupigapiga ngozi ukutani, wakiikejeli nasaba ya mamake. Alipoiteka ngome hiyo, aliamuru wakatwe mikono na miguu.

Huyo ndiye mwanamume aliyepeleka posa Flanders akimtaka Matilda.

Naye Matilda, aliyezaliwa takriban mwaka wa 1031, hakuwa binti wa kuposwa kwa urahisi. Babake, Baldwin wa Tano, alitawala Flanders, eneo tajiri ambalo leo sehemu yake kubwa iko nchini Ubelgiji. Mamake, Adela, alikuwa binti wa Mfalme Robert wa Pili wa Ufaransa.

Kwa hivyo Matilda alikuwa mjukuu wa mfalme mmoja na mpwa wa mfalme mwingine aliyekuwa kitini wakati huo. Kwa nasaba, alimzidi William kwa mbali sana.

Hapo ndipo linapoingia simulizi ambalo limerudiwa kwa karne nyingi. Inasimuliwa kwamba Matilda alipoelezwa kuhusu posa hiyo, alijibu kuwa ni afadhali awe mtawa kuliko kuolewa na mwanaharamu.

Habari hizo zilipomfikia William, alipanda farasi na kwenda mbio hadi Flanders. Akamkuta binti huyo, akamkamata kwa nywele, akamwangusha chini, akampiga, kisha akarudi alikotoka bila kusema neno.

Babake Matilda alipandwa na hasira na kutaka kulipiza kisasi. Lakini binti mwenyewe, yasema hadithi hiyo, aliinuka kitandani na kutangaza kwamba hataolewa na mwanamume mwingine yeyote ila huyo, kwa kuwa mtu aliyethubutu kufanya hivyo ndani ya himaya ya babake lazima awe jasiri kupita kiasi.

Simulizi hilo limewafurahisha wengi, ila lina kasoro kubwa. Linapatikana katika maandishi ya karne ya 13, zaidi ya miaka 100 baada ya wahusika wote kufa. Waandishi walioishi wakati mmoja na Matilda hawakulitaja hata kidogo, na wanahistoria wengi wa leo hawaliamini.

Aidha, ni vigumu kuamini kwamba Baldwin, mmoja wa watawala wenye nguvu zaidi katika eneo hilo, angempa binti yake mtu aliyemdhalilisha namna hiyo nyumbani kwake.

Lililo dhahiri ni kwamba hadithi hiyo ilitungwa na kupendwa na watu waliotaka kuamini kuwa mwanamke mkaidi dawa yake ni kipigo. Maisha halisi ya Matilda yanaonyesha kinyume chake. Ukaidi wake haukuisha siku ya harusi, na mumewe hakuwahi kuuondoa.

Upinzani wa kwanza unaothibitishwa na kumbukumbu ulitoka kwa Kanisa. Mnamo Oktoba 1049, katika mkutano mkuu uliofanyika mjini Reims, Papa Leo wa Tisa alimkataza Baldwin kumwoza William binti yake.

Sababu inayotajwa sana ni kwamba wawili hao walikuwa na undugu ambao sheria za Kanisa za wakati huo hazikuruhusu waoane. Hali kadhalika, Papa hakufurahia kuona Normandy na Flanders zikiungana, kwani Baldwin alikuwa na uhasama na Mfalme Mkuu wa Ujerumani, mshirika wa Papa.

Katika enzi hizo, kumkaidi Papa halikuwa jambo dogo. Mtu aliyetengwa na Kanisa alihofia si cheo chake tu bali pia hatima ya roho yake.

Pamoja na hayo yote, katika muda wa miaka michache iliyofuata Matilda alisindikizwa na wazazi wake hadi mji wa Eu, mpakani mwa Normandy, na ndoa ikafungwa. Kutoka hapo bwana harusi alimpeleka Rouen, mji wake mkuu.

Ilichukua miaka mingi kwa Kanisa kulegeza msimamo. Lanfranc, mtawa msomi kutoka Italia aliyekuwa Normandy, ndiye anayetajwa kuwa aliwatetea wanandoa hao mjini Rome, na kufikia 1059 Papa Nicholas wa Pili alikuwa ameibariki ndoa yao.

Kitubio chao kilikuwa kujenga abasia mbili mjini Caen. William alijenga ya watawa wa kiume na Matilda akajenga ya watawa wa kike. Ndiyo maana makaburi yao yako mbalimbali. Kila mmoja alizikwa katika nyumba aliyoijenga kama malipo ya kumpata mwenzake.

Maisha ya ndani ya ndoa hiyo yaliwashangaza hata waandishi wa zama zile. Watawala wengi waliweka vimada bila kificho, na William mwenyewe alikuwa matunda ya desturi hiyo. Ila hakuna mtoto wa nje anayejulikana kwa hakika kuwa wake.

Matilda alimzalia wana wanne, ambao ni Robert, Richard, William na Henry, pamoja na mabinti wasiopungua watano. Miongoni mwa mabinti hao ni Cecilia, aliyetolewa kwa watawa wa Caen, na Adela, aliyekuja kuwa mama wa Mfalme Stephen wa Uingereza.

Kuhusu umbo la Matilda, ilienea kwa muda mrefu kwamba alikuwa mfupi mno, karibu kimo cha mtoto. Uchunguzi wa mifupa yake katika karne ya 20 ulikadiria kimo chake kuwa takriban sentimita 152, kimo cha kawaida kwa mwanamke wa enzi hiyo.

Mwaka wa 1066 ulipofika, Mfalme Edward wa Uingereza alifariki bila mtoto na Harold, kabaila mkuu wa nchi hiyo, akavikwa taji. William alidai kwamba aliahidiwa kiti hicho, na akaanza kukusanya majeshi na kuunda merikebu.

Matilda hakuketi pembeni. Kwa mali yake mwenyewe aliagiza itengenezwe merikebu kubwa iitwayo Mora, akamtunuku mumewe ili awe anasafiria humo. Kwenye omo yake palikuwa na sanamu ya mtoto iliyopakwa dhahabu, mkono mmoja ukionyesha upande wa Uingereza na mwingine ukiwa umeshika baragumu mdomoni.

Mnamo Juni 18 mwaka huo, wakati maandalizi ya vita yalikuwa yamepamba moto, kanisa la Matilda mjini Caen liliwekwa wakfu. Siku hiyo mtoto Cecilia alikabidhiwa kwa watawa. Mume alikuwa anakwenda kuuhatarisha uhai wake, na mama akawa anamtoa binti yake kwa Mungu.

Mnamo Oktoba 14, William alimshinda na kumuua Harold katika vita vya Hastings. Siku ya Krismasi akatawazwa katika Abasia ya Westminster, London.

Alipokuwa akipigana ng'ambo, aliyeachiwa Normandy alikuwa Matilda. Eneo hilo lilijulikana kwa makabaila wake wenye kupenda uasi, lakini chini ya mwanamke huyo lilitulia. Aliamua kesi, alitia saini hati kwa alama ya msalaba na kupokea wajumbe. Mwanamume aliyekulia miongoni mwa walezi waliochinjwa alikuwa amempata mtu mmoja wa kumwamini bila kuangalia nyuma.

Mnamo Mei 11, 1068, siku ya Pentekoste, Matilda alitawazwa malkia kule Westminster na Askofu Mkuu Ealdred wa York. Mwana wao wa mwisho, Henry, alizaliwa katika ardhi ya Uingereza mwaka huo au karibu na wakati huo.

Si haki kusimulia mapenzi hayo bila kutaja gharama waliyolipa wengine. Katika majira ya baridi ya 1069 na 1070, William aliyazima maasi ya kaskazini mwa Uingereza kwa kuchoma vijiji, maghala na mifugo. Watu wengi walikufa kwa njaa, na waandishi wa Kanisa waliomsifu kwa mengine walimlaumu kwa hilo.

Kwa Waingereza wa kawaida, aliyekuwa mume mwaminifu nyumbani alikuwa balaa shambani mwao.

Ukatili huo huo ndio uliokuja kubisha hodi katika nyumba yake mwenyewe, na hapo ndipo Matilda alipoonyesha kuwa kumpenda mtu si kumtii kwa kila jambo.

Robert, kifungua mimba wao, alikuwa amekua akiahidiwa Normandy. Lakini babake hakutaka kuachilia hata sehemu ndogo ya mamlaka, na alizoea kumkejeli mwanawe kwa ufupi wa miguu yake mbele za watu.

Mnamo mwaka wa 1077 au 1078 mambo yaliharibika. Inasimuliwa kwamba wadogo zake Robert walimmwagia maji kutoka orofani mjini L'Aigle, naye akaona baba hakuwaadhibu ipasavyo. Usiku huo akaondoka na wafuasi wake, akajaribu kuiteka ngome ya Rouen, na aliposhindwa akakimbilia uhamishoni. Flanders, kwa ndugu wa mamake, ni miongoni mwa mahali alikopata hifadhi.

William alimhesabu mwanawe kuwa adui. Matilda alimhesabu kuwa mwana.

Kwa siri, malkia huyo alianza kumpelekea Robert fedha na dhahabu nyingi. Habari zilipomfikia mfalme alighadhabika na kumwamuru akome. Hata hivyo, aliendelea.

Mwandishi Orderic Vitalis, mtawa wa abasia ya Saint-Évroult, ndiye aliyeacha maelezo ya makabiliano yaliyofuata. Anaeleza kwamba William alilalamika kuwa mkewe, aliyempenda kuliko nafsi yake na kumkabidhi hazina yake yote, alikuwa akiwalisha maadui wake.

Kwa mujibu wa Orderic, Matilda hakukana wala hakusingizia watu wengine. Alipiga magoti na kumkumbusha mumewe kwamba Robert ni mtoto wake wa kwanza. Akasema lau mwanawe angekuwa amekufa na kufukiwa ardhini, naye akaweza kumfufua kwa damu yake, basi angeimwaga damu hiyo yote. Akamuuliza mumewe angewezaje kufurahia utajiri ilhali mwanawe ni fukara.

Mfalme alisawijika kwa hasira. Alishindwa kumwadhibu mkewe, akaigeuzia ghadhabu yake kwa mjumbe wa malkia, Mbretoni aliyeitwa Samson, akaamuru atolewe macho.

Lakini watu wa malkia walimwahi Samson kwa onyo. Alikimbilia Saint-Évroult, akavaa vazi la utawa na kuokoa macho yake na roho yake kwa mpigo mmoja. Abasia hiyo ndiyo aliyoishi Orderic, na huenda ndivyo kisa hicho kilivyomfikia.

Mnamo Januari 1079, baba na mwana walikutana vitani chini ya kuta za Gerberoi. Mshindi wa Hastings aliangushwa kutoka mgongoni mwa farasi na kujeruhiwa na watu wa mwanawe mwenyewe. Mfalme aliyetetemesha nchi mbili alirudi Rouen kwa aibu.

Matilda, pamoja na makabaila na maaskofu, walizidi kumsihi. Hatimaye, kufikia Pasaka ya 1080, William na Robert walikuwa wamepatana, na mfalme akaithibitisha tena ahadi ya kumrithisha Normandy.

Ndoa nayo haikuvunjika. Mwanamume aliyekata watu mikono kwa sababu ya kejeli alikuwa amekaidiwa waziwazi na mkewe, akalia, akafoka, kisha akaendelea kuishi naye na kumwamini.

Katika majira ya joto ya 1083, Matilda aliugua. Aligawa mali yake kwa maskini na kwa nyumba za watawa, na miongoni mwa vitu alivyowaachia watawa wa Caen vilikuwa taji lake na fimbo yake ya kimalkia. Alifariki Novemba mwaka huo, akazikwa katika kanisa alilolijenga.

Mwandishi William wa Malmesbury anasimulia kwamba mfalme alimwombolezea kwa machozi kwa siku nyingi. Hakuoa tena.

Miaka minne iliyosalia ilikuwa ya upweke. Robert alikosana tena na babake na kuondoka, na safari hii hakukuwa na mama wa kupiga magoti kati yao. Odo, ndugu yake mfalme kwa mama, alikuwa gerezani kwa amri yake. Adui walikuwa wengi mipakani.

Mnamo Septemba 9, 1087, William alifariki karibu na Rouen baada ya kuumia akiwa vitani. Matajiri waliokuwa naye walikimbia kwenda kulinda mali zao, na watumishi wakapora silaha, vyombo na nguo, wakauacha mwili karibu uchi sakafuni.

Alipofikishwa Caen kuzikwa, mtu mmoja alisimama na kupinga, akidai kwamba kiwanja cha kanisa kilinyang'anywa babake. Ikabidi alipwe ndipo mazishi yaendelee. Mfalme aliyetwaa nchi nzima alikosa futi chache za udongo zisizo na mgogoro.

Hata hivyo, kuna jambo moja alilolitimiza kabla ya kukata roho. Ingawa Robert alikuwa tena upande wa maadui zake, William alimwachia Normandy. Uingereza ilimwendea William mdogo, na Henry akapewa fedha, kabla ya yeye pia kutwaa taji mnamo 1100. Ombi la Matilda lilisikika hata miaka minne baada ya kinywa chake kunyamaza.

Uzao wa wawili hao haujakatika. Wafalme na malkia wote waliofuata wa Uingereza wametoka katika ukoo wao. Hata Elizabeth wa Pili, aliyerithi ufalme akiwa Treetops, Nyeri, mnamo Februari 6, 1952, babake alipofariki ghafla, alikuwa wa kizazi cha binti huyo wa Flanders.

Makaburi yao yamepitia mengi. Mnamo 1562, wakati wa vita vya kidini nchini Ufaransa, yalivunjwa na kuporwa. Kwa William kulisalia mfupa mmoja wa paja. Kwa Matilda, jiwe jeusi la awali lingalipo.

Katika majira ya joto ya 1944, mabomu yalipouteketeza mji wa Caen, maelfu ya wakazi walikimbilia kanisa la Mtakatifu Stefano na kujisitiri humo. Makanisa yote mawili yalibaki wima.

Yalijengwa kama adhabu ya watu wawili waliokataa kuambiwa kwamba hawawezi kuoana. Simulizi la nywele zilizovutwa huenda likaendelea kupendwa, lakini mawe ya Caen na ahadi aliyotimiziwa Robert vinaeleza jambo jingine. William alizishinda ngome, majeshi na ufalme mzima. Mkewe alimpenda, akamsaidia na kumpinga, na kwake yeye mshindi huyo alijifunza kushindwa.